Hariri Halisi na Hariri ya Jina: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikishafunguliwa mwezi wa kumi na fedha kuanza kuingia mikononi, harusi nazo huanza kufuatana. Maduka ya vitambaa ya Mtwara mjini, Masasi, Newala na Lindi hujaa akina mama na mashangazi wanaomtafutia bibi harusi nguo, na wengi wao huulizia hariri. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa hunifikia mezani kikiwa kimeshalipiwa. Vingi ninavyoletewa kwa jina la hariri ni poliesta tupu. Vinang'aa, vinateleza, vinapendeza machoni, lakini hamna humo uzi hata mmoja uliotoka kwa mdudu. Poliesta ni kitambaa kinachofaa kwa kazi nyingi na nakishona kila siku. Kinachoniuma ni mtu kulipa bei ya hariri kwa fedha ya jasho la shamba, halafu akabidhiwe kitu kingine.

Nimeupanga mwongozo huu kama mtu anavyokwenda kununua: ajue hariri inatokana na nini, aipime, apime ubora wake, kisha aishone na kuitunza katika joto na chumvi ya huku kwetu.

Inakotoka

Hariri ni mate ya kiwavi yaliyokauka. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo anayefugwa, chakula chake ni majani ya mforosadi. Hula kwa muda wa karibu mwezi mmoja, usiku na mchana, na katika muda huo hujivua ngozi mara nne. Akishiba hupanda kwenye kijiti na kuanza kujizungushia uzi, kichwa kikienda huku na huku kwa siku mbili tatu, mpaka anajifungia ndani ya kifukofuko cheupe au cha manjano. Uzi wa kifukofuko kimoja ni mmoja tu usiokatika, na urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 600 na 900, wakati mwingine zaidi.

Hapo ndipo penye siri ya ubora. Nondo akiachwa atoke, hutoboa kifukofuko na uzi hukatika vipande vipande. Kwa hiyo wafugaji huua mdudu aliye ndani kwa mvuke au joto, wakatumbukiza vifukofuko kwenye maji ya moto ili gundi yake ilegee, wakatafuta ncha ya uzi na kuuvuta. Uzi wa kifukofuko kimoja ni mwembamba mno, hivyo huunganishwa wa vifukofuko kadhaa ukawa uzi mmoja. Kilo moja ya nyuzi ghafi huhitaji vifukofuko kadiri ya 5,000. Ukilifahamu hilo, huwezi kushangaa kwa nini hariri ni ghali, na utashangaa ukiiona ikiuzwa kwa bei ya kitambaa cha pazia.

Uzi wenyewe una sehemu mbili, zote protini: kiini kiitwacho fibroini, na gundi inayokizunguka iitwayo serisini. Gundi huondolewa kwa kuchemsha na sabuni, na ndipo ulaini na mng'ao hujitokeza. Lakini gundi ikitoka, hariri hupungua uzito, robo nzima au zaidi kidogo. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya waliokuwa wakiuza kwa uzito walirudisha kilichopotea kwa kulowesha hariri katika chumvi za madini, hasa za bati. Nguo zilikuwa nzito na zilianguka vizuri mwilini, ila baada ya miaka zilipasuka zenyewe zikiwa zimening'inia kabatini. Ndiyo maana uzito peke yake si ushahidi wa ubora.

Wachina ndio walioanza kufuga mdudu huyu maelfu ya miaka iliyopita, na waliificha kazi hiyo kwa muda mrefu sana. Mnamo mwaka 552 hivi, watawa walipeleka mayai ya nondo kwa siri hadi Constantinople (leo Istanbul, Uturuki), kwa mfalme Justinian, na ufugaji ukaanza upande huo. Leo China bado inaongoza kwa uzalishaji na India inaifuata.

Pwani yetu nayo si mgeni wa kitambaa hiki. Kilwa Kisiwani, iliyo ndani ya Mkoa wa Lindi, ilikuwa mji mkubwa wa biashara ya Bahari ya Hindi. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza watu wa Kilwa kuwa wanavaa mavazi mazuri ya dhahabu, hariri na pamba. Kaskazini zaidi, Pate, Wareno walikuta hariri ikifumwa hapohapo kisiwani na kuuzwa miji mingine. Kwa hiyo anayekuambia hariri ni mambo ya kizungu, mpeleke Kilwa akaone.

Si kila mdudu ni mmoja

Hariri ya mforosadi ndiyo nyororo kuliko zote na ndiyo inayouzwa zaidi. Zipo za mwitu. Tasari ya India ina rangi ya asali na inakwaruza kidogo. Muga ya Assam ni ya dhahabu kwa asili yake, bila kutiwa rangi. Ng'ambo ya bahari yetu, Madagascar, kuna hariri ya mwitu iitwayo landibe, ambayo tangu zamani hufumwa sanda za heshima.

Inayonivutia mimi ni eri. Mdudu wake hula majani ya mbarika, na anakula hata majani ya muhogo. Kifukofuko chake kiko wazi upande mmoja, hivyo nondo anaweza kutoka salama, na uzi wake husokotwa kama pamba badala ya kuvutwa. Kitambaa chake hakina mng'ao mkubwa, kinafanana zaidi na sufu laini. Ukikiona usikidharau kwa kuwa haking'ai.

Satini, shifoni na krepu ni ufumaji

Hapa ndipo wengi hupotea, na wauzaji wengine pia wanapotea bila kukusudia. Hariri ni aina ya uzi. Satini ni namna ya kufuma. Uzi wowote unaweza kufumwa kisatini: mtande (nyuzi za urefu) unarukia nyuzi kadhaa za mshindio (za upana) kabla ya kuzama, kwa hiyo upande wa juu unakuwa na nyuzi ndefu zilizolala na kurudisha mwanga. Satini ya hariri ipo, ya poliesta ipo, ya pamba ipo. Shifoni na krepu vivyo hivyo, na hata oganza.

Swali la kumuuliza muuza duka basi ni hili: "Uzi wake ni wa nini?" Akijibu "ni satini," bado hajakujibu. Mwulize tena kwa upole.

Kuna pia rayoni, ambayo hutengenezwa kwa rojo la mbao na ilianza kuuzwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa jina la hariri ya kutengeneza. Rayoni inapumua, inaanguka vizuri, na kwa joto la Mtwara naipendelea kuliko poliesta. Bado si hariri.

Kupima dukani

Anza na jora. Soma kilichoandikwa kwenye pindo au kwenye karatasi iliyobandikwa. Maandishi yanayosema "silky", "satin silk" au "art silk" yanakupa jina tu. Unachotafuta ni asilimia: 100% silk. Kwa vitambaa na sari za India, ipo alama ya Silk Mark iliyoanzishwa 2004, ambayo huthibitisha hariri halisi.

Kisha angalia upana. Hariri nyingi huja na upana wa inchi 44 au 45, poliesta nyingi inchi 58 au 60. Si sheria, ila ukiambiwa ni hariri na upana ni inchi 60, ongeza umakini. Upana huu utakuhusu pia unapohesabu yadi: gauni linalotosha yadi tatu za poliesta halitatosha yadi tatu za hariri.

Toka na kitambaa mlangoni penye mwanga wa jua. Uzi wa hariri ukikatwa kwa upana una umbo linalokaribia pembetatu, hivyo mwanga huvunjika ndani yake na rangi hubadilika kidogo unapogeuza kitambaa. Poliesta mara nyingi hung'aa weupe uleule kila upande. Sasa kikunje ngumini kwa muda mfupi, ukiachie. Hariri hubaki na makunyanzi laini na hupata joto la mkono haraka. Poliesta hufunguka kama haijaguswa.

Kipimo cha kupitisha kitambaa ndani ya pete kina sifa kubwa mitaani. Usikitegemee, kwa sababu shifoni nyepesi ya poliesta hupita kwenye pete bila shida, na hariri nzito hukwama.

Kupima kwa moto

Hiki ndicho ninachokiamini zaidi. Mwombe muuzaji akukatie kipande kidogo cha ukingoni, au nunua robo yadi kwanza. Chomoa nyuzi chache za mtande, kisha za mshindio, uziweke mbalimbali. Usiruke hatua hiyo. Kuna vitambaa ambavyo mtande ni hariri na mshindio ni poliesta, na ukichoma upande mmoja tu utadanganyika.

Weka kisahani cha udongo juu ya meza isiyo na nguo, shika uzi kwa kibano cha nyusi, na usogeze moto wa kiberiti taratibu.

Uzi wa hariri hujikunja ukiukimbia moto, huungua polepole, na ukiondoa kiberiti hujizimikia wenyewe. Harufu ni ya unyoya wa kuku uliobabuliwa, kwa kuwa unyoya nao ni protini. Kinachobaki ni kijipunje cheusi, na ukikibonyeza kwa vidole kinakuwa unga.

Poliesta huyeyuka, hudondoka, hutoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, na huacha tone gumu lisilovunjika kwa kidole. Subiri lipoe kabla ya kuligusa, linaunguza vibaya. Rayoni na pamba huwaka haraka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni jepesi la kijivu.

Msimu mmoja mama mmoja aliniletea yadi sita za kitambaa cha rangi ya zambarau cha binti yake. Tulichoma mtande, likabaki tone gumu. Tukachoma mshindio, vilevile. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa fundi, kitapendeza?" Nikamwambia kitapendeza sana, na kilipendeza, lakini nikamshauri arudi dukani na ule uzi ulioungua akadai tofauti ya bei. Alirudishiwa sehemu ya fedha yake. Muuzaji akionyeshwa kwa adabu, bila kelele mbele ya wateja wengine, mara nyingi huelewana na mtu.

Kama unaogopa moto, tumia jiki. Tumbukiza nyuzi kadhaa katika kijiko cha jiki isiyochanganywa na maji, uache kwa muda. Jiki huvunja protini, hivyo hariri hulegea na kuyeyuka kabisa, huku poliesta na pamba zikibaki. Kipimo hiki kinakufundisha na jambo la pili: jiki isiguse nguo yako ya hariri hata tone.

Ukishajua ni hariri, ni hariri nzuri?

Uzito wa hariri hupimwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho mome. Mome 1 ni gramu 4.34 kwa mita moja ya mraba. Shifoni na vitambaa vya mtandio viko chini, mome 5 hadi 8 au zaidi kidogo. Blauzi na gauni jepesi hutaka 12 hadi 16. Gauni la harusi, shuka au foronya hutaka 19 hadi 22, au zaidi.

Unaweza kuipima nyumbani kwa mizani ya dijitali ya jikoni. Tuseme una mita 3 zenye upana wa sentimita 114. Eneo lake ni mita za mraba 3.42. Mizani ikisema gramu 285, gawanya kwa 3.42 upate 83.3, kisha gawanya kwa 4.34: ni mome 19 na kidogo. Kitambaa hicho kinafaa gauni la heshima.

Uzito uende pamoja na msongamano. Kinyanyue kwenye mwanga: nyuzi ziwe zimekaribiana sawasawa, bila njia nyeupe zinazopita katikati. Halafu shika sehemu ndogo kwa vidole gumba vya mikono miwili, uvute kwa nguvu ya wastani. Nyuzi zikisogea na kuacha uwazi usiorudi, kitambaa hicho kitaachia kwenye mishono ya kwapani na ya kalio mara ya kwanza mvaaji atakapokaa. Mimi kitambaa cha namna hiyo nakirudisha, hata kama ni hariri asilia.

Vinundu vidogo vyenye urefu wa nusu kidole vinatisha wanunuzi bila sababu. Katika hariri iitwayo dupioni vinatokana na wadudu wawili kufuma kifukofuko kimoja, ni sehemu ya uzuri wake. Ila katika satini laini, kinundu ni kasoro. Rangi ipime kwa kusugua kitambaa cheupe chenye maji kwenye ukingo. Ikihamia, jasho la Mtwara litaihamisha pia.

Itafute kwenye mitumba

Kwa uzoefu wangu, hariri halisi hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye belo la mitumba kuliko kwenye maduka ya vitambaa vipya. Tai za wanaume, mitandio, blauzi za akina mama na nguo za kulalia za Ulaya nyingi zilishonwa kwa hariri, na wauzaji wengine hawana habari nazo.

Jifunze maneno machache ya lebo, maana lebo haiandikwi Kiingereza tu. Hariri ni "silk" kwa Kiingereza, "soie" kwa Kifaransa, "seta" kwa Kiitaliano, "seda" kwa Kihispania na Kireno, na "Seide" kwa Kijerumani. Lebo ya tai iko nyuma, kwenye upande mwembamba au chini ya kitanzi. Ya blauzi iko kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ndani. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi kwenye pindo la ndani na uuchome ukifika nyumbani.

Kagua kwapa kwanza. Jasho na dawa ya kwapa hudhoofisha hariri, na eneo lililokakamaa au kubadilika rangi halitarudi. Kisha kagua mabega dhidi ya mwanga, kwa kuwa jua hula hariri. Tai tano sita zilizofumuliwa zinatosha kupamba pindo la mtandio au kutengeneza mkoba mdogo wa bibi harusi.

Kwa bwana harusi

Wengi wetu huku pwani ni Waislamu, na jambo hili huulizwa kila msimu. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma wake na halali kwa wanawake wao. Hukumu hiyo inahusu hariri ya mdudu, kwa hiyo kanzu inayong'aa ya poliesta haimo. Kwa bwana harusi, kipimo cha moto kina kazi ya kinyume: anataka kuhakikisha kuwa si hariri. Kwa vitambaa vya mchanganyiko, na kwa darizi ya shingoni, muulizeni sheikh wenu kabla ya kununua. Wafumaji wa Gujarat walilitatua suala hili zamani kwa kitambaa kiitwacho mashru, chenye hariri upande wa juu na pamba upande unaogusa ngozi.

Kukata na kushona

Loweka kipande cha sentimita 10 kwa 10, kikauke, ukipime tena. Kama kimenywea, loweka kitambaa chote kabla ya kukata. Tandika karatasi laini chini ya hariri unapokata ili isiteleze. Tumia sindano mpya, namba 9 au 11. Sindano iliyoshona jinzi jana itavuta nyuzi na kuacha mstari usiofutika. Pini nazo ziwe nyembamba, zichomwe ndani ya sehemu ya mshono tu. Kingo zifungiwe ndani ya mshono, kwa sababu hariri huchakaa haraka pembeni. Gauni la kubana nalitilia bitana ya pamba laini, na kwapani naongeza kipande kinachoweza kubadilishwa.

Kufua na kutunza huku kwetu

Usitumie sabuni ya unga ya kawaida. Nyingi zina vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula, ambavyo kazi yake ni kuvunja protini, na hariri ni protini. Tumia shampuu laini ya watoto katika maji ya baridi au ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30 za Selsiasi. Maji ya kisima yenye chumvi yanakakamaza kitambaa. Tafuta ya mvua au ya bomba. Suuza mara mbili, suuza ya mwisho uweke kijiko cha siki kwenye ndoo ndogo. Usikamue. Ilaze juu ya taulo, uviringishe, ubonyeze, kisha uianike kivulini. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo. Usinyunyize maji juu ya hariri kavu, yataacha mabaka.

Udi fukiza, lakini tundika nguo mbali na chetezo ili cheche isiifikie. Manukato ya mafuta yapakwe mwilini na yaachwe yakauke kabla ya kuvaa, kwa maana doa la mafuta kwenye hariri halitoki kirahisi. Vivyo hivyo manukato ya kupuliza.

Nguo ikiwa safi na kavu kabisa, ifunge ndani ya kanga ya zamani iliyofuliwa, isiwe mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu wa pwani hunaswa humo na kuleta ukungu. Wadudu wanaokula sufu hula na hariri, na hupenda zaidi yenye jasho, basi usiihifadhi ikiwa imevaliwa hata mara moja bila kufuliwa. Weka majani makavu ya mwarobaini nje ya kanga, yasiguse hariri yenyewe. Kila baada ya miezi mitatu hivi itoe ipate hewa kivulini, na ukiirudisha ikunje kwa mistari mingine, maana mkunjo ukikaa mahali pamoja muda mrefu ndipo nyuzi huanza kukatikia.